Kundi linapoamua kwa niaba yetu: Kolwezi, 1993

Mwezi wa tatu mwaka 1993, kituo cha treni cha Kolwezi kilijaa watu ambao hawakuomba kusafiri. Walikuwa wafanyakazi wa Gécamines, walimu, wauguzi, wamama wenye watoto mgongoni: Wakasai, wengi wao wazaliwa wa Katanga, waliofukuzwa nyumbani na kuambiwa warudi "kwao". Walilala kando ya reli kwa wiki na miezi wakingoja treni za kuelekea Kasai. Wengine walikufa kwa magonjwa kabla ya kupanda, wengine njiani. Katika jimbo zima, lililoitwa Shaba wakati ule, waliofukuzwa walikuwa mamia ya maelfu. Sisi tulio na miaka arobaini na kitu leo tulikuwa watoto, na wale waliotoka walikuwa wanadarasa wenzetu.

Wapendwa wa mashariki wanaposikia habari hii huuliza: majirani waliokula meza moja walifikaje hapo? Jibu la haraka ni "ukabila". Jibu hilo halitoshi, kwa sababu makabila yalikuwapo tangu Union Minière na kampuni ya reli walipoleta wafanyakazi kutoka Kasai, miaka ya 1920, na watu walioana na kubatizana pamoja.

Kwanza ilikuja njaa. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, chini ya ardhi, iliporomoka, na kufika 1993 uzalishaji ulikuwa umeanguka hata chini ya tani 60,000. Ndipo likaja neno la wakubwa. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, Mkasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz a Karl-i-Bond, mwana wa Katanga. Gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza na chama chao cha UFERI walihubiri kwamba Katanga ni ya Wakatanga, na katika mikutano Wakasai waliitwa "bilulu", yaani wadudu. Fujo zilianza Lubumbashi na Likasi mwaka uleule. Vijana wa chama, JUFERI, walipita nyumba kwa nyumba. Zamu ya Kolwezi ilifuata.

Hapo tunaona nguvu mbili, na ni vizuri kuzitenganisha. Ya kwanza ni utii: mtu anatenda kwa sababu mkubwa amesema, na anaona lawama ni ya mkubwa. Ya pili ni kufuata wenzake: hakuna aliyemwamuru, ila anaogopa kubaki peke yake. Kijana wa JUFERI alikuwa chini ya ile ya kwanza. Jirani aliyefunga dirisha alikuwa chini ya ile ya pili. Aliyewaficha Wakasai ndani ya nyumba yake, na watu hao walikuwapo, tuwashukuru, aliweza kuitwa msaliti.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 1951 Solomon Asch, kule Marekani, aliwaonyesha watu mistari, akauliza upi unalingana na mwingine kwa urefu. Jibu lilikuwa wazi kwa macho. Lakini wenzao chumbani, waliopangwa kwa siri, walipotaja jibu la uongo kwa sauti moja, karibu theluthi ya majibu yalifuata uongo. Miaka kumi baadaye Stanley Milgram, wa chuo cha Yale, aliwaomba watu wamwadhibu mwingine kwa umeme kila akikosea. Umeme haukuwa wa kweli, wao hawakujua. Watu 26 kati ya 40 walifika volti 450, mwisho wa mashine, kwa kuwa tu msimamizi aliwaambia waendelee.

Sehemu inayotugusa zaidi ni hii. Asch alipoweka mtu mmoja tu wa kusema kweli, wengi wa wafuasi wa uongo waliacha kufuata. Milgram alipoweka wenzi wawili wa kukataa, ni watu 4 tu kati ya 40 waliofika mwisho. Kundi linaonekana kama ukuta, lakini linategemea kwamba hakuna atakayesema wa kwanza.

Kanisa lingekuwa huyo wa kwanza. Katika kanisa moja tulilolijua, viti vya waimbaji vilikuwa vitupu Jumapili ile, ibada ikaendelea, na hakuna aliyetaja majina yao hata katika maombi. Tusishangae sana: Wagalatia 2 inaonyesha Petro mwenyewe, mtume, akiacha kula na watu wa mataifa mengine kwa kuogopa ndugu zake wa kabila, na Barnaba akavutwa naye. Paulo alimpinga mbele ya wote. Hakungoja wamalize kula ili amwite pembeni.

Leo Wakasai wengi wamerudi Kolwezi kutafuta kazi katika shaba na kobalti, na yale maneno ya zamani tunayasikia tena sokoni, hata uani mwa kanisa. Kwa hiyo tumebadilisha jambo dogo katika baraza letu la wazee. Shauri linalogusa watu wa kabila fulani linapigiwa kura kwa karatasi, maana Asch aliona kwamba walioandika jibu kwa siri hawakufuata kundi sana. Na kabla ya kura, mdogo kwa umri anasema kwanza, kama Mishna ya Wayahudi ilivyowaagiza waamuzi wa kesi za kifo, ili asije akarudia sauti ya mkubwa.

Mzee wetu mdogo ana miaka 32. Mara ya kwanza tulipomwomba aanze, aligeuka kumtazama mchungaji.