Geji ya Kuongezea na Mlima Kitonga

Anayetoka Dar es Salaam kwenda Mbeya hupita kwanza kwenye joto la Ruaha Mbuyuni, penye mibuyu na wauza vitunguu, kisha anakutana na Kitonga. Injini imeshapata moto bondeni, na sasa inatakiwa kupanda na mzigo wake wote kwa gia ndogo. Sisi mafundi umeme wa Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, tunapokea matokeo: gasketi zilizoungua, hedi zilizopinda, na madereva wanaoapa kwamba mshale wa temprecha haukusogea. Wengi wao wanasema kweli. Ndiyo maana kazi ya kufunga geji ya kuongezea kwenye gari la zamani haijafa huku, na historia yake ni ndefu kuliko lami ya barabara hii.

Kazi hiyo ilianzia kwenye mfuniko wa rejeta. Mwaka 1912, huko Marekani, Harrison Boyce alipata hataza ya kipimajoto kilichosimama juu ya mfuniko huo, nje kabisa, dereva akikisoma kupitia kioo cha mbele. Kiliitwa MotoMeter. Hakikugusa maji, bali kilipima mvuke uliokuwa juu yake. Watu walikinunua na kukifunga wenyewe, kwa sababu magari kama Ford Model T yalitoka kiwandani bila kipimo chochote cha joto. Kwa hiyo tangu mwanzo, kujua hali ya injini lilikuwa jukumu la mwenye gari, si la kiwanda.

Mifuniko ilipofichwa chini ya boneti, kipimo kikahamia kwenye dashibodi. Mfaransa Eugène Bourdon alikuwa ameshapata hataza mwaka 1849 ya bomba lililopinda ambalo hujinyoosha likipata msukumo. Watengenezaji wa geji wakaliunganisha na kibomba chembamba kilichojazwa etha. Kichwa chake kinakaa kwenye maji ya injini, etha inapata moto, msukumo unafika kwenye geji, mshale unapanda. Hakuna hata waya mmoja, isipokuwa wa taa. Geji za namna hiyo, za Smiths ya Uingereza na VDO ya Ujerumani, bado nazikuta kwenye magari ya zamani na matrekta. Ukizitunza zinakuzika. Ukikunja kibomba kwa kona kali hadi kikapasuka, etha imekwenda na geji imekufa.

Barabara yetu ilipata uzito wake baada ya tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru. Zambia ikabanwa njia yake ya kusini, na maroli yakaanza kubeba mafuta kwa mapipa kutoka Dar es Salaam, sehemu kubwa kwenye udongo. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipofunguliwa mwaka 1968 liliyapunguzia maroli mzigo huo, lakini shaba na bidhaa nyingine ziliendelea kupita. Utingo alikaa tayari na debe la maji na gogo la kuzuia tairi. Mwenye geji nzuri alisimama kupoza injini kwa hiari yake. Asiyekuwa nayo alisimamishwa na mvuke.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na sharti moja kabla ya kugusa waya wa Land Rover: angalia kwanza betri imefungwa upande gani kwenye bodi. Magari mengi ya Kiingereza hadi miaka ya 1960 yalifunga chanya kwenye bodi, kinyume na ilivyo leo. Geji ya ampea ukiifunga kwa mazoea ya gari la sasa, inasema betri inatoa wakati inachaji. Geji ya kisasa yenye elektroniki ndani inaungua papo hapo.

Land Rover Series III, iliyotoka mwaka 1971, ina hasi kwenye bodi, lakini ina mtego wake. Nyuma ya geji kuna kikopo kidogo kinachowasha na kukata umeme ili geji za kiwandani zipate wastani wa volti 10, betri iwe na nguvu au imechoka. Waya unaoingia ni wa kijani, unaotoka ni wa kijani hafifu. Fundi mwenye haraka hunasa huo wa pili kwa sababu uko karibu, na geji ya VDO ya volti 12 inabaki inasoma chini maisha yake yote. Chukua kijani kabla ya kikopo, kwenye umeme uliopita swichi na fyuzi. Waya mweusi upeleke kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Taa ya geji iungane na waya mwekundu wenye mstari mweupe, unaowasha taa za dashibodi. Rangi hizo ni utaratibu wa kampuni ya Lucas na wenzake wa Uingereza; ukiujua, husumbuki na mchoro.

Halafu ikaja miaka ya uhaba. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikafuata, na fedha za kigeni zikaadimika. Spea ilitoka kwenye gari lililokufa. Geji ikang'olewa gari hili na sensa gari lile, na hapo ndipo uongo ulipoingia kazini, kwa sababu kila geji inasoma ukinzani wa sensa yake. Geji ya mafuta ya VDO hutegemea takriban omu 10 tangi likiwa tupu na 180 likijaa. Za General Motors ya Marekani ni 0 hadi 90. Unganisha sensa ya General Motors na geji ya VDO, tangi lililojaa litakuambia liko nusu. Kwenye mafuta utatembea na kidumu tu. Kwenye temprecha utanunua injini.

Kuanzia mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, milango ilifunguka, na baadaye magari yaliyotumika Japani yakajaa. Mshale wa mengi kati ya hayo umetulizwa makusudi: ukifika katikati unakaa hapo hapo ingawa joto linapanda na kushuka, ili mteja asipate wasiwasi. Ukija kuondoka katikati, muda wa kuokoa gasketi umekwisha. Mengine madogo hayana mshale kabisa, yana taa ya buluu na nyekundu. Kiwanda kimemrudisha dereva kwenye Model T, akiwa na kiyoyozi.

Siku hizi geji inauzwa na sensa yake kwenye boksi moja, na wateja wanadhani kazi imekwisha. Bado. Sensa ya waya mmoja hupata erthi kupitia meno yake. Ukiizungushia tepu ya mabomba tabaka kwa tabaka, mshale utasoma baridi wakati injini inachemka. Kabla ya kufunga, itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka, ukiwa umeiunganisha na geji na kuipa erthi. Pwani isome karibu 100. Hapa Iringa, juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi 95, kwa hiyo inayosoma 100 ndiyo mbovu.

Na wewe dereva, shika hili. Sensa inapima maji, na maji yakiisha inaning'inia hewani. Ukiwa katikati ya Kitonga na mshale ukashuka ghafla, usishangilie kwamba injini imepoa. Weka gari pembeni, zima, na usifungue mfuniko mpaka ipoe.