Kabila Fizi, Rangi Ng'ambo: Wanawake wa Fizi na Baraka katika Mitandao ya Kijamii

Katika makala haya mafupi tunakusudia kuonyesha kwamba mwanamke wa Fizi aliyehamia Marekani amekutana na ubaguzi wa namna mbili, na kwamba msaada aupatao kwa simu unamkinga na mmoja tu. Wanaochunguza mitandao ya kijamii aghalabu hulichukulia jina "mwanamke mweusi" kana kwamba lina historia moja. Njia za kulifikia jina hilo ni nyingi, na mojawapo huanzia Baraka, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika.

Nyumbani, neno lililowatenga watu lilikuwa kabila. Hata hivyo, kabila lenyewe lilikwisha kutiwa fikra za rangi. Waandishi wa enzi ya ukoloni walipima pua na kimo, wakawaita wengine Wahamiti na wengine Wabantu. Ndipo Mnyamulenge wa milimani akaonekana mgeni mbele ya Mbembe, na sheria ya uraia ya 1981 ikazidi kuutilia shaka uraia wake. Sokoni mambo yalikuwa mengine. Maziwa na siagi viliteremka kutoka milimani, ndagaa, chumvi na mawese vikapanda, na bei zikapatanwa kwa Kiswahili. Kisha ikaja vita. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999 watu zaidi ya 800 waliuawa Makobola na vijiji jirani, wengi wao Wabembe. Tarehe 13 Agosti 2004 wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge, waliuawa Gatumba, nchini Burundi. Kila upande una matanga yake.

Maelfu ya watu wa Fizi walivuka ziwa hadi kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996, na baadaye wengi wakapelekwa Marekani. Huko fomu ya serikali haiulizi kabila. Aliyeitwa Mhamiti na aliyeitwa Mbantu hutia alama katika kisanduku kimoja cha watu weusi, na mlinzi anayemfuata mteja mweusi dukani hajali kama ametoka Itombwe au Mutambala. Somo hili la pili halikuwa na mwalimu nyumbani; mama hakuweza kumwandaa binti yake kwa jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua.

Hapo ndipo simu iliposaidia. Tangu WhatsApp ilipoanza kupeleka ujumbe wa sauti mwaka 2013, asiyejua kuandika naye aliweza kushiriki mazungumzo. Likirimba, yaani ule mchezo wa kuchangiana ambao Watanzania huuita upatu, ulihamia humo. Humo pia huchangwa fedha za msiba, husomwa barua za shule, hufarijiwa mama ambaye mwanawe amechekwa kwa nywele au kwa lafudhi. Msomaji wa pwani angeshtushwa na "bamama" na "iko" za Kiswahili hiki cha Kivu. Ashtuke tu, kazi kinaifanya.

Lakini makundi hayo kwa kawaida hufuata ukoo na kanisa, na kwa hiyo hufuata kabila. Minembwe ilipozinduliwa kuwa komuni tarehe 28 Septemba 2020, simu zile zile zilibeba maneno makali, na maneno ya Wahamiti wavamizi yakarudi kana kwamba mkoloni hajaondoka. Novemba 2022, Alice Wairimu Nderitu, mshauri wa Umoja wa Mataifa kuhusu kuzuia mauaji ya kimbari, alitoa onyo kuhusu mashambulizi na kauli za chuki mashariki mwa Kongo.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Waliobaki kambini wanaendelea kusikilizana na waliotangulia kwa ujumbe wa sauti. Wanawake wawili wa Fizi, majirani katika mji mmoja wa Marekani, kila mmoja huomba ushauri kwa watu wake, kwa lugha ile ile, juu ya mlinzi yule yule wa dukani.