Kamani, Ulanga na Mpira wa Vali: Vipuri vya Gramafoni West Nile

Gramafoni ya kuzungusha kwa mkono haikuhitaji umeme, na kwa sababu hiyo iliifaa sana West Nile. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado, milki ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi alipofariki mwaka 1909. Likapita chini ya Sudan, kisha mwaka 1914 likaunganishwa na Uganda, na Arua ikawa makao ya utawala. Gridi ya taifa ya umeme haikufika huko mpaka karne hii. Bidhaa za mbali zilifika kupitia maduka ya Wahindi, askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza, waliorudi na mishahara yao pamoja na Kiswahili cha kambini, na vibarua waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira.

Muziki nao ulikuwa na njia zake. Pwani, Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Upande wa magharibi, kampuni ya Ngoma ilianza kazi Léopoldville mwaka 1948, na mpaka wa Kongo hauko mbali na Arua wala Koboko. Kwa baiskeli unafika.

Anayetaka kufufua gramafoni Arua leo hakwami kwa kukosa mafundi. Anakwama kwa sababu mnyororo wa biashara ulikatika. Agosti 1972 Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko, aliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini, na maduka yaliyojua kuagiza kutoka Uingereza na India yakabadilisha mikono. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, vita vya mwaka uliofuata viliwafukuza watu wa West Nile kwa maelfu hadi Zaire na Sudan. Mtu anayekimbia na watoto habebi sanduku zito la muziki. Naamini historia hiyo inaeleza uhaba wa vipuri zaidi kuliko umri wa mashine zenyewe.

Kipuri kinachosumbua zaidi ni kamani, yaani springi inayoiendesha mashine. Hukaa imejikunja ndani ya kopo la chuma, na ikichomoka ghafla inaweza kukata vidole, kwa hiyo kopo lisifunguliwe na asiyejua. Kamani mpya bado zinatengenezwa ng'ambo, lakini hazinunuliwi kwa jina la mashine pekee. Muuzaji atataka upana, unene na urefu wa utepe, na atauliza kama ncha zake zina tundu au ndoano. HMV 102, sanduku la kubeba lililouzwa tangu 1931 hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, ni rahisi kulipatia vipuri kwa sababu yalitengenezwa mengi mno.

Kisanduku cha sauti, pale sindano inapochomekwa, kinanipa matumaini zaidi. Ndani yake mna kiwambo chembamba kinachotikiswa na sindano. Vya zamani vilikatwa katika ulanga, madini yaliyochimbwa pia katika milima ya Uluguru. Baadaye alumini ikachukua nafasi. Ukingo wa kiwambo hushikwa na mpira mwembamba ulio wazi katikati, na mpira huo ukikauka sauti hukwaruza. Hapa fundi wa baiskeli wa Arua ana dawa mkononi: mpira wa vali, ule unaovishwa kwenye vali za baiskeli za zamani, ukikatwa vizuri hukaribia kabisa kipimo kinachotakiwa. Mshona viatu naye ana kipande cha ngozi kwa ajili ya kidhibiti mwendo, ambacho vizito vyake hutanuka mashine ikienda mbio na kuisukuma sahani ndogo isuguane na ngozi hiyo.

Sindano zisibaniwe. Sindano ya chuma ilitengenezwa kwa upande mmoja wa santuri, basi. Ukiirudia, ncha iliyolika inakwangua mifereji, na wimbo unaopotea huenda usiwe na nakala nyingine popote. Sindano mpya zipo na bei yake ni ndogo.

Aloi ya zinki iliyotumika katika visanduku vingi vya sauti vya miaka ya 1920 na 1930 huvimba na kupasuka, na gundi haiiponyi. Tiba yake ni kutoa sehemu nzima kwenye mashine nyingine ya aina hiyohiyo. Gramafoni zenye pembe za shaba zinazong'aa na nembo ya mbwa ya HMV, zinazotoka India kwa watalii, hazisaidii: nyingi zimeunganishwa kwa vipande vya ovyo, na vipimo vyake havilingani na vya mashine halisi.

Kwa hiyo anayekuta gramafoni iliyokufa kwenye ghala Arua au Koboko asiiachie kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Aandike nambari iliyo kwenye kibati, aweke pamoja mkono wa kuzungushia, kisanduku cha sauti, kidhibiti mwendo na kopo la kamani likiwa limefungwa, na parafujo zote azitie kwenye mfuko mmoja.