Mbwa Wako wa Kitengela: Kuoga ni Sawa, Lakini Hizi Ndizo Zitamuua

Msee akinunua ploti Kitengela, Isinya ama Kajiado mjini, kitu ya kwanza anaweka hata kabla ya geti ni mbwa. Jina ni Simba ama Bosco. Anaoshwa, anapigwa picha, halafu chanjo inangoja "nikishika doh".

Parvo haingojangi. Asubuhi kijibwa anakataa chakula, jioni anatapika, halafu anahara damu yenye harufu hutawahi kusahau. Bila drip, siku mbili tatu ameenda. Hakuna dawa ya kuua hiyo virusi. Daktari wa mifugo anamrudishia maji na kuzuia bakteria huku mwili ukipigana wenyewe. Sasa, kitu wengi hawajui ni kwamba virusi inakaa kwa udongo miezi mingi, hata mwaka. Kijibwa akikufa leo na ulete mwingine wiki ijayo alale hapo hapo, huyo pia umempoteza. Sakafu na vyombo osha kwanza na sabuni, halafu upake Jik, kipimo kimoja kwa maji 30, uache dakika kumi. Udongo hauoshwi, so mgeni amalize chanjo kwanza: ya kwanza wiki ya 6 hadi 8, inarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Aliyekuuzia akisema "ameshadungwa", muulize kadi.

Hiyo chanjo mara nyingi huwa na ya distempa ndani. Usiione ndogo: mwaka wa 1994 distempa iliua simba karibu 1,000 Serengeti na ikafika Maasai Mara, na mbwa wa vijijini ndio walishukiwa. Na upande wa kusini wa Nairobi National Park uko wazi kuelekea huku kwetu.

Kuoga mara moja kwa mwezi inatosha. Tumia shampuu ya mbwa, si Omo. Kumchana ndio ufanye kila wiki, juu hapo ndio unapata kupe: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia. Mshike kwa kibano karibu na ngozi, uvute polepole. Usimchome, usimpake mafuta taa. Kibanda pia kiangalie, kupe hujificha kwa nyufa. Ukiona ufizi umekuwa mweupe, mkojo mweusi kama kahawa, ama pua inatoka damu, hiyo ni homa ya kupe, mpeleke daktari siku hiyo. Dawa ya kupe ya ng'ombe usimpimie kwa macho, na Brufen yako usimpee kabisa. Inaharibu tumbo na figo.

Kichaa ni chanjo ya miezi 3, halafu kila mwaka. Kenya imepanga kuimaliza ifikapo 2030, na hesabu ni asilimia 70 ya mbwa wachanjwe. Mtoi akiumwa, osha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa jirani na anaonekana mzima. Dalili zikianza kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Na zile maini na mapafu za mbuzi zenye malengelenge ya maji, zenye mnarushia Simba baada ya kuchinja? Hapo ndipo anapata minyoo yenye mayai yake yakiingia kwako yanajenga uvimbe kwa ini. Zichome ama uzifukie chini sana, na umuulize daktari dawa ya minyoo yenye iko na praziquantel.