Kitabu Kimoja Dola 700! Vitabu vya Kifahari vya Sinema za Zamani na Deni la Majestic

Kuna wanaokusanya raba, kuna wanaokusanya jezi, na kuna kundi dogo ambalo likipata hela linanunua kitabu kizito kama tofali kinachoeleza sinema moja tu ya zamani ilitengenezwaje. Hadithi ya sinema wanaijua tayari. Wanachotaka ni yaliyotokea nyuma ya kamera: nani alijenga mandhari, nani alibeba taa, nani aliugua porini, na hela ziliisha siku gani.

Ukisikia bei unaweza kudhani watu wanatania. Mwaka 2009 kampuni ya TASCHEN ya Ujerumani ilitoa kitabu kuhusu Napoleon ya mwongozaji Stanley Kubrick. Kwa nje ni kitabu kimoja kikubwa. Ukikifungua, kurasa zimechongwa shimo katikati, na ndani ya shimo kumepangwa vitabu vingine. Zilichapishwa nakala 1,000 tu, kila moja na namba yake, kwa dola 700. Kichekesho chenyewe sasa: hiyo sinema haikuwahi kutengenezwa. Kubrick alitafiti miaka na miaka, kisha wenye hela wakajitoa. Kilichobaki ni karatasi, na karatasi hizo ndizo watu wanazigombania.

Miaka minne kabla, kampuni hiyohiyo ilitoa kitabu cha kumbukumbu zote za Kubrick. Waliowahi toleo la kwanza walikuta ndani kipande cha filamu halisi ya 2001: A Space Odyssey, kilichokatwa kutoka kwenye mkanda wake mwenyewe. Yaani unanunua kitabu na unapewa kipande cha sinema ukiweke mkononi.

Hobi ya wazungu wenye hela, sio? Subiri kwanza. Unguja ilikuwa na ukumbi wake wa sinema kabla filamu hazijaanza hata kutoa sauti, na katika hadithi hii kisiwa kinadai chake.

Vitabu hivi vina nini hasa?

Mapicha makubwa yanavutia, ndiyo, lakini anayekusanya kwa dhati anatafuta kitu kingine. Anawatafuta watu ambao sinema haikuwataja. Filamu za zamani hazikuwa na orodha ndefu ya majina kama za leo. Mastaa waliandikwa kwa herufi kubwa, wakubwa wachache wakafuata, basi. Fundi seremala, mshonaji, mpishi wa kambi na mbeba vyombo waliondoka na ujira wao wa siku, na majina yao yakapotelea hapo.

Chukua Mughal-e-Azam ya mwaka 1960, moja ya sinema kubwa kuliko zote za Kihindi. Mwongozaji K. Asif alihangaika nayo kwa zaidi ya miaka kumi. Ule ukumbi wa vioo ambamo Madhubala anacheza mbele ya mfalme ulichukua kama miaka miwili kujengwa, vipande vya kioo vikapachikwa kimoja kimoja na mafundi. Ulipokamilika, balaa lingine likazuka: taa zikiwashwa, vioo vinarudisha mwanga hadi kamera haioni kitu. Mpiga picha R. D. Mathur akalazimika kubuni namna ya kuutuliza mwanga kwa vitambaa. Kwenye sinema unaona dakika chache za wimbo. Kwenye vitabu ndipo unapokutana na miaka miwili ya mikono ya watu.

Kuna kimoja kimetoka ukanda huu

Mwaka 1951 ilitoka The African Queen, ya Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Hadithi yake inatokea Afrika Mashariki ya Mjerumani, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Meli ya Kijerumani iliyotia chachu hadithi ile ni Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika, ambayo Wajerumani wenyewe waliizamisha, Waingereza wakaiopoa na kuipa jina linalojulikana na kila mtu wa Kigoma: Liemba.

Sehemu kubwa ya sinema ilirekodiwa kwenye mito ya Kongo na huko Uganda, upande wa Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison. Ilikuwa kazi ya tabu. Wengi waliharisha kwa maji mabaya, Hepburn mmoja wao. Bogart na mwongozaji John Huston walinusurika, na Bogart alipenda kusema kilichowaokoa ni wiski. Boti yenyewe ilizama, ikabidi iopolewe. Bogart aliondoka na Oscar.

Mwaka 1987 Hepburn akaandika kitabu kizima kuhusu safari ile, The Making of The African Queen. Ni chembamba, kina picha nyingi, kinasomeka siku moja. Hakihitaji dola 700. Kwenye maduka ya vitabu vilivyotumika ya mtandaoni hupatikana kwa bei ya kawaida. Anayetaka kuanza hobi hii, pa kuanzia ni hapo.

Ila kisome kwa macho mawili. Hepburn anasimulia kwa ucheshi, na hadithi ni yake. Wanaume waliojenga kambi, waliopiga makasia, waliobeba mitambo mizito ya kamera za rangi za enzi hizo, wao wanapita nyuma ya hadithi. Wapo kwenye picha. Tazama nyuso zao, halafu jiulize nani angeweza kuandika kitabu cha upande wa pili.

Sasa turudi Vuga

Mwaka 1921 pale Vuga, ukingoni mwa Mji Mkongwe, lilifunguliwa jumba la Royal. Mwenye sinema alikuwa mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla, na mchoraji wa jengo alikuwa J. H. Sinclair, Mwingereza ambaye mkono wake unaonekana kwenye majengo mengi ya serikali ya enzi ile. Baadaye likaitwa Majestic. Mwanzoni mwa miaka ya 50 likaungua, na mwaka 1955 likasimama jipya, kwa ule mtindo wa Art Deco wa kuta zenye mikunjo ya duara. Mjini kulikuwa pia na Empire na Sultana. Mji mdogo namna ile, majumba matatu!

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Watu walivaa, familia zilitoka pamoja, na tiketi zikiisha dirishani, walanguzi walikuwa nazo mfukoni. Mwanahistoria Mmarekani Laura Fair, aliyewahoji watu wa Unguja kwa miaka mingi, alikuta wazee bado wanaizungumzia Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, kama vile waliiona wiki iliyopita. Vijana wa wakati ule waliona kwenye Awara swali lililokuwa linawasumbua majumbani: mtu aoe anayempenda, au anayechaguliwa na wazee?

Kitabu cha Fair kinaitwa Reel Pleasures, cha mwaka 2018. Si cha kifahari. Ni kitabu cha chuo kikuu, maandishi mengi, hakina kasha wala karatasi ya kung'aa. Lakini kwa hadithi ya sinema Tanzania, ndicho cha kuwa nacho. Ndani yake utakutana na wale ambao skrini haikuwaonyesha kabisa: wakata tiketi, waendesha mitambo, na vijana wa baskeli waliokimbiza mikanda kutoka ukumbi mmoja kwenda mwingine, ili filamu moja ionekane sehemu mbili jioni ileile. Mkanda ukichelewa, ukumbi mzima unapiga miluzi.

Hapo ndipo penye hoja. Sinema haimalizikii studio. Mtu anaitengeneza Bombay, mwingine anaibeba kwa meli, mwingine anapedali nayo, mwingine anabandika tangazo ukutani, na mabinti wanarudi nyumbani wakiziimba zile nyimbo. Kule Mombasa, Juma Bhalo alipata umaarufu mkubwa kwa kutia maneno ya Kiswahili kwenye sauti za nyimbo za Kihindi. Hiyo nayo ni sehemu ya maisha ya sinema, na vitabu vya dola 700 huwa havifiki huko.

Karatasi haisubiri

Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba yaliingia mikononi mwa serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 70 televisheni ya rangi ikafika Zanzibar, mapema kuliko nchi nyingi za Afrika. Kisha zikaja kanda za video, na viti vya kumbi vikaanza kubaki vitupu. Majestic ya leo ni kuta na paa lililoanguka. Hifadhi Zanzibar wamekuwa wakipigania kulifufua jengo, na tangu 1998 tamasha la ZIFF limekuwa likirudisha skrini Ngome Kongwe. Jengo linaweza kujengwa tena. Lilishaungua likajengwa. Karatasi ikiungua imekwenda.

India waliupata ukweli huo kwa uchungu. Septemba 2017 moto ulishika studio ya R.K., ileile ya Raj Kapoor, na nguo pamoja na vitu vingi vya sinema zake za zamani vikateketea. Waliokuwa wamenunua vitabu vyenye picha za vitu hivyo wakajikuta ndio wenye kumbukumbu.

Unguja adui si moto tu. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hushika unyevu, na upepo wa bahari unaleta chumvi. Kitabu kikiegemea ukuta wa Mji Mkongwe masika moja tu, kurasa zinavimba, kuvu anaingia, mchwa wanamalizia. Wanaojua hobi hii hufanya hivi: rafu ikae mbali kidogo na ukuta, kitabu kikubwa kilazwe ili uti wake usivunjike, kisifungwe kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu jasho linabaki ndani. Vile vipakti vya kukaushia vinavyokuja kwenye boksi la viatu vipya, usitupe, weka rafuni. Na kila baada ya wiki kadhaa kifunguliwe kipate hewa. Kitabu kisichofunguliwa Zanzibar ni chakula cha wadudu.

Ushauri huohuo unafaa kwa vitu ambavyo havina bei bado. Kipande cha tiketi, tangazo la filamu lililokunjwa, picha ya Jumapili ya familia iliyopigwa mbele ya Majestic au pale Capital Art Studio, iliyoanza kazi mwaka 1930: vitu kama hivi huishia chini ya kitanda cha bibi. Siku ya kuhama vinatupwa pamoja na magazeti. Vinapigwa picha kwa simu dakika mbili, nyuma unaandika jina la aliyemo na mwaka kama anaukumbuka. Bibi akishaondoka, hakuna kampuni ya Ujerumani itakayoweza kuliandika jina hilo.

Napoleon ya Kubrick ilipata kitabu cha dola 700 bila kuonyeshwa hata siku moja. Majestic ilionyesha sinema kwa miongo mingi, na Unguja nzima ilikaa kwenye viti vyake. Kitabu chake, kile kikubwa chenye picha za kujaza kurasa mbili na majina ya wakata tiketi, kitategemea nani alihifadhi nini.

Nyumbani kwenu kuna nini chini ya kitanda?