Dawa ya kuzibua pua isigeuke ya kuiziba

MAFUA yanapombana mtu hata akashindwa kulala, aghalabu hukimbilia duka la dawa kununua matone au dawa ya kupuliza puani. Nafuu huja kwa dakika chache. Hatari huanza pale anaposahau kuiacha.

Pua haizibwi na kamasi pekee. Mishipa midogo ya damu iliyomo ndani yake hutanuka, utando ukavimba na kuisonga njia ya hewa. Dawa kama vile oksimetazolini na zailometazolini huibana mishipa hiyo, nao uvimbe ukapungua.

Lakini zinapotumiwa siku nyingi mfululizo, kila nguvu ya dawa inapokwisha mishipa hutanuka tena. Mgonjwa hudhani mafua yamezidi, akaongeza matone, kumbe dawa yenyewe ndiyo inayomziba. Hivyo ndivyo mtu anavyojikuta akitembea na kichupa mfukoni kwa miezi. Ni busara kutozidisha siku tano bila ushauri wa daktari.

Aliyekwisha kunaswa asikate tamaa. Daktari anaweza kumwelekeza aache tundu moja la pua kwanza, kisha la pili, au ampe dawa ya kupuliza ya aina ya steroidi kumvusha kipindi hicho kigumu.

Vidonge navyo vina tahadhari zake. Pseudoefedrini husambaa mwilini kote. Yaweza kupandisha shinikizo la damu, kuuendesha moyo mbio na kufukuza usingizi. Wenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu, glakoma au tezi ya kibofu iliyovimba wasiimeze kabla ya kumwona daktari. Kuhusu fenilefrini ya kumeza, jopo la washauri wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani liliamua mnamo Septemba 2023 kwamba haizibui pua.

Vilevile, soma maandishi ya pakiti. Tembe nyingi za mafua huchanganya dawa ya kuzibua pua na paracetamol, hivyo anayemeza aina mbili huenda akazidisha dozi bila kujua.

Watoto wa chini ya miaka sita wasipewe dawa hizi bila agizo la daktari. Matone ya maji ya chumvi yaliyotayarishwa kwa ajili ya pua huwafaa zaidi, hata wachanga. Kichupa nacho kiwe cha mtu mmoja, kwani ncha yake hubeba viini.

Pua ikiendelea kuziba baada ya siku 10, au homa kali na maumivu ya uso yakizuka, mwone daktari.