Kondoo wa Kienyeji na Daftari la Nasaba

Katika Kiswahili cha sokoni, mnyama wa kufugwa huwa wa kisasa au wa kienyeji. Kenya husemwa pia wa gredi. Wa kisasa ana jina, ana bei, na pengine ana cheti kinachowataja baba na babu zake. Wa kienyeji hutajwa kana kwamba hana ukoo. Sisi wanafunzi wa lugha tumeyazoea maneno haya, na mara chache tunajiuliza yamefanya kazi gani katika historia. Katika makala haya tunaifuata nasaba moja, ya kondoo mwekundu wa Kimaasai, tuone jinsi mbegu yenye thamani kubwa ilivyokaribia kupotea kwa sababu hakuna aliyeiandika.

Habari hii inaanzia karibu na hapa tulipo. Jina la mtaa wetu, Kings Heath, maana yake ni nyika ya mfalme, ingawa nyika yenyewe imekwisha kufunikwa na nyumba na maduka. Mwendo wa saa moja na ushei kwa gari kutoka hapa, huko Leicestershire, ndiko alikoishi Robert Bakewell (1725–1795), mfugaji wa shamba la Dishley. Bakewell alitaka kondoo anayenenepa upesi. Alipandisha kondoo wa damu moja, kizazi baada ya kizazi, mpaka sifa aliyoitaka ikakaa. Madume yake aliyakodisha kwa wafugaji wengine kwa msimu, na mbinu zake alizifanya siri. Baada yake mambo ya nasaba yakatoka sirini, yakaingia kitabuni. Mwaka 1822 George Coates alichapisha daftari la nasaba za ng'ombe aina ya Shorthorn, na wafugaji wa wanyama wengine wakafuata mfano huo.

Daftari ni chombo kizuri, lakini huandika kile ambacho mwenyewe anakitafuta. Mfugaji wa Uingereza alitafuta nyama, maziwa, sufu na umbo. Uwezo wa mnyama kuishi na minyoo, au kuvumilia mwaka wa kiangazi, hauonekani kwa kumtazama siku ya maonyesho. Wino wa daftari haukuufikia.

Sasa twende Afrika Kusini, ambako katika miaka ya 1930 wataalamu walianza kutengeneza kondoo mpya wa nyama kwa ajili ya nchi kavu. Walimchanganya Dorset Horn wa Uingereza na kondoo mwenye kichwa cheusi aliyeitwa Blackhead Persian, yaani Mwajemi. Chotara wao aliitwa Dorper, na chama cha wafugaji wake kikaundwa mwaka 1950. Lakini huyo "Mwajemi" hakutoka Uajemi. Alitokana na kondoo weusi vichwa wa Wasomali, wachache tu waliofika kwa meli katika pwani ya Rasi mnamo mwaka 1870. Kwa hiyo nusu ya damu ya Dorper ni damu ya Pembe ya Afrika, iliyoingia daftarini kwa jina la ugenini.

Katikati ya miaka ya 1970, Dorper alisambazwa Kenya kwa mpango uliopunguza gharama kwa wafugaji. Alipokelewa vizuri, na tusiwalaumu waliompokea. Ni mkubwa, anakua haraka, na mnunuzi hulipa kwa kilo. Hadi wakati huo, kondoo mwekundu wa Kimaasai, mwenye manyoya mafupi na mkia wa mafuta, alienea katika nchi ya wafugaji, Kenya na upande wa Tanzania. Madume ya Dorper yakaingizwa katika makundi yake. Mpango haukuwaelekeza wafugaji jinsi ya kubakiza sehemu ya kundi ikiwa safi, wala jinsi ya kuendesha uzalishaji wa chotara miaka inayofuata. Kila mtu alipandisha alivyoona. Miaka ya 1990 watafiti walipotafuta kondoo wekundu halisi, waliwapata kwa taabu. Hata kundi dogo lililowekwa Kapiti, katika nyanda za Machakos, lilikutwa na chembe za damu ya kigeni.

Kwa nini walitafutwa? Kwa sababu ya mnyoo mmoja. Haemonchus contortus hukaa tumboni mwa kondoo na kunyonya damu. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Kondoo aliyelemewa hupauka ndani ya kope, hudhoofika, hufa. Dawa zipo, lakini ni gharama, na minyoo imeendelea kuzizoea. Kati ya mwaka 1991 na 1996, katika pwani ya Kenya kusini mwa Mombasa, kondoo wekundu na Dorper walilishwa malisho mamoja yenye minyoo. Wekundu walitoa mayai machache zaidi katika kinyesi, damu yao haikupungua sana, na wanakondoo wao walikufa kidogo. Mmoja mmoja, Dorper alikuwa mzito zaidi. Lakini kundi zima lilipohesabiwa, yaani waliozaliwa, waliokua na waliofika sokoni, kundi la wekundu lilizidi zaidi ya mara mbili. Kule Kapiti, ambako ni kukavu na minyoo ni michache, tofauti hiyo ilikuwa ndogo.

Hapo ndipo tunapoona upungufu wa sifa zetu mbili. "Bora" peke yake haina maana mpaka tuseme bora wapi, na kwa kazi gani. Dorper ni bora mahali fulani. Mwekundu ni bora mahali pengine. Neno "kienyeji" lingetosha kueleza jambo hilo, kwani linamtaja mnyama anayewafaa wenyeji na mahali pao. Sokoni tumelifanya limaanishe duni, na likaondoka na madume mekundu.

Wala si kweli kwamba kondoo huyu hakuwa na nasaba. Mfugaji wa Kimaasai hujua jike gani alizaa nani, na dume lipi lilitoka kwa nani. Daftari lake ni kichwa chake na cha watoto wake. Tunawaomba wanachama ambao wazazi au mabibi na mababu zao ni wafugaji wawapigie simu na kuwauliza majina wanayowaita kondoo wao kwa rangi, kwa alama na kwa ukoo, kisha watuandikie. Tukikusanya majina hayo, tutayachapa katika jarida hili pamoja na maelezo yake.